Kuotesha Dungusi Penye Joto na Chumvi

Katika mji mdogo wa Zapotitlán Salinas, jimbo la Puebla nchini Meksiko, watu walikuwa wakivuna chumvi kabla Wahispania hawajatia mguu. Maji ya chumvi huachiwa kwenye vibwawa vya kina kifupi, jua likayakausha, kisha chumvi ikakwanguliwa. Vilima vinavyouzunguka mji huo vimejaa madungusi marefu yaliyosimama wima, hasa lile ambalo wenyeji huliita tetecho na wataalamu Neobuxbaumia tetetzo. Mgeni akitazama vilimani akaona madungusi, akatazama bondeni akaona chumvi, huku jua likimchoma utosini, ni rahisi aamue kwamba mmea huu haubabaishwi na lolote. Anayetaka kuuotesha basi atatupa mbegu kwenye mchanga mkavu, ataweka juani na kusubiri.

Atasubiri sana.

Ugumu wa dungusi huja na umri. Park Nobel, mtaalamu wa fiziolojia ya mimea wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, alionyesha kwamba madungusi mengi yaliyokomaa na kuzoeshwa joto hatua kwa hatua hustahimili zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, joto ambalo lingeua karibu kila zao la shambani. Mbegu ya dungusi hilohilo hukataa kuota joto linapokaribia nyuzi 40. Ndani ya ganda lake mna kiinitete kidogo chenye akiba ndogo ya chakula. Hakina shina la kutunza maji, hakina nta ya kuzuia maji yasipotee, wala hakina miiba ya kukitia kivuli. Anayeotesha dungusi inampasa aliweke kando lile analolijua, la jangwani na la kwenye picha, ashughulikie kitu kingine kabisa.

Nyuzi ngapi basi? Mwaka 2000 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, Mariana Rojas-Aréchiga na Carlos Vázquez-Yanes, walikusanya na kupitia matokeo ya tafiti nyingi za uotaji wa madungusi na kuyachapisha katika jarida la Journal of Arid Environments. Picha iliyojitokeza ni kwamba mbegu za aina nyingi huota vizuri kati ya nyuzi 17 na 34, na nyuzi 25 hutajwa mara kwa mara kuwa ndiyo bora. Joto likishuka sana mbegu hulala. Likipanda kupita kiasi kiinitete hujeruhiwa. Mkulima asiye na mashine ya kudhibiti joto atafanya vyema akilenga nyuzi 20 usiku na nyuzi 28 hadi 30 mchana. Kupanda na kushuka kwa kiasi hicho hakudhuru, na aina nyingi hukuvumilia bila shida.

Lakini namba hizo ni za udongo palipolala mbegu. Hewa ya jangwani inaweza kuwa nyuzi 38 huku uso wa mchanga usio na kivuli ukipita nyuzi 60. Vivyo hivyo, kibakuli cha plastiki chenye mfuniko kikiwekwa kwenye jua kali hugeuka tanuri kwa muda mfupi, hata siku ambayo hewa ya nje si ya joto. Kipimajoto cha ukutani hakisaidii hapa. Kilazwe juu ya udongo, ndani ya chombo, na kisomwe saa sita hadi saa tisa mchana.

Mfano mzuri wa namna joto na majira vinavyopangwa na maumbile ni saguaro, dungusi kubwa la jangwa la Sonora, linaloota Arizona nchini Marekani na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Matunda yake huiva mwezi Juni na mwanzoni mwa Julai, na tunda moja linaweza kuwa na mbegu zipatazo 2,000. Watu wa Tohono O'odham huyaangua kwa fito ndefu zilizotengenezwa kwa mbavu za saguaro lililokufa. Mara tu baada ya mavuno, mvua za majira ya joto huanza. Mvua hiyo hufanya kazi tatu kwa mkupuo: huipa mbegu maji, huupoza uso wa udongo, na huzisukuma chini chumvi zilizojikusanya juu wakati wa ukavu. Mbegu iliyo tayari huota katika siku hizo chache. Inayokosa nafasi hiyo kwa kawaida huliwa na sisimizi, panya na ndege, au huoza. Hata inayofaulu haina haraka, kwani mche wa saguaro huweza kuwa na urefu wa sentimita 2.5 hadi 4 tu baada ya miaka minane.

Yote anayopaswa kufanya mwenye kitalu yamo katika kuiga mvua hiyo.

Kuna jambo la tatu linaloyaunganisha joto na chumvi, nalo ni mwanga. Mbegu za madungusi mengi haziwezi kuota gizani. Katika utafiti uliofanywa Meksiko kwa madungusi ya umbo la pipa, aina zote zilizojaribiwa zilidai mwanga. Miongoni mwa yale marefu, baadhi hudai na baadhi hayajali. Maana yake ni kwamba mbegu haifukiwi. Ikizikwa sentimita mbili chini, hata maji na joto vikiwa sawasawa, huenda isichipue. Inatakiwa kukaa juu, na huko juu ndiko udongo unakochemka mchana, unakotangulia kukauka, na ndiko chumvi hubaki maji yanapopanda na kugeuka mvuke. Milimita chache za juu za udongo ndizo uwanja mzima wa kazi hii. Mtu anaweza kupima udongo wa chini akaukuta hauna neno, kumbe utando mweupe wa juu umekwisha kuua kila kitu.

Alfonso Valiente-Banuet na Exequiel Ezcurra walilionyesha hilo kwa upande wa joto katika utafiti wa tetecho waliouchapisha mwaka 1991. Katika bonde la Tehuacán, miche ya tetecho huonekana chini ya vichaka, hasa mimosa wa aina ya Mimosa luisana. Watafiti hao walilinganisha sehemu zenye kichaka, zenye kivuli cha kutengenezwa na zilizo wazi. Kivuli, hata kile cha kutengenezwa, ndicho kilichoiokoa miche. Palipo wazi, jua liliimaliza. Kwa mwenye kitalu hiyo ni habari njema, kwa kuwa neti ya kivuli inapatikana maduka ya pembejeo, ilhali mimosa wa Tehuacán hapatikani.

Sasa chumvi. Madhara yake huja kwa njia mbili, na kuzitofautisha kuna faida kubwa. Njia ya kwanza ni kuyazuia maji. Mbegu hunywa maji kwa sababu ndani yake ni pakavu kuliko nje. Maji ya nje yakijaa chumvi, mvuto huo hupungua, na mbegu hubaki na kiu ilhali imelala kwenye tope. Njia ya pili ni sumu: sodiamu na kloridi huingia ndani na kuharibu kazi za seli. Mbegu iliyozuiwa na njia ya kwanza tu bado ni hai, nayo ikioshwa na kuwekwa kwenye maji matamu huota, pengine kwa kasi. Iliyopatwa na ya pili imekwisha. Ndiyo maana si busara kumwaga trei ambayo haijaota kwa sababu ya maji ya chumvi. Kwanza iloweshwe kwa maji ya mvua mara mbili tatu, maji yapite hadi chini, na isubiriwe wiki mbili zaidi.

Joto huichochea chumvi. Lita moja ya maji yenye gramu 1 ya chumvi haitishi. Robo tatu yake ikigeuka mvuke, kilichobaki kina nguvu ya gramu 4 kwa lita, kama mchuzi ulioachwa motoni ukakauka na kuzidi chumvi bila mtu kuongeza hata chembe. Mkulima akirudisha maji yaleyale kesho na keshokutwa, anaongeza gramu juu ya gramu, na hakuna inayoondoka. Isitoshe, mbegu iliyo kwenye joto lisiloifaa huwa na uwezo mdogo wa kuhimili chumvi. Maji ambayo yangevumilika kwenye nyuzi 25 yanaweza kuwa kikwazo kamili kwenye nyuzi 35.

Je, hakuna madungusi ya chumvini? Yapo machache. Pembezoni mwa Salinas Grandes nchini Argentina huishi Cereus validus, ambalo Nobel na Mjerumani Ulrich Lüttge pamoja na wenzao walilichunguza katika miaka ya 1980 kwa sababu ya makazi yake hayo. Katika maeneo hayohayo huonekana Stetsonia coryne yenye miiba mirefu. Kinyume chake, mpungate wa matunda, Opuntia ficus-indica, unaolimwa Meksiko, Sicily na hata Tigray nchini Ethiopia, huhesabiwa miongoni mwa mimea isiyopenda chumvi. Picha maarufu za kisiwa cha Incahuasi katikati ya Salar de Uyuni, Bolivia, zisimdanganye mtu. Madungusi yale makubwa yamezungukwa na chumvi ya zaidi ya kilomita za mraba 10,000, ila yenyewe yameota kwenye mwamba ulioinuka. Kwenye uwanda mweupe wenyewe hakuna hata moja.

Kaskazini-mashariki mwa Brazil, kwenye nyika ya Caatinga, suala hili si la wapenda mapambo. Mandacaru, yaani Cereus jamacaru, ni chakula cha akiba cha mifugo: ukame ukizidi, wafugaji huchoma miiba yake kwa moto, hukatakata mashina na kuwalisha ng'ombe. Wenyeji husema likichanua wakati wa kiangazi, mvua i njiani. Kilimo cha umwagiliaji kimeacha mashamba yenye chumvi katika sehemu za eneo hilo, na watu wanaotaka kurudisha uoto wanahitaji kujua mbegu gani itafaa. Marcos Meiado na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo ya majaribio yao kwa mbegu za mandacaru. Mbegu hizo zinadai mwanga, hupendelea joto la karibu nyuzi 30, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo zinazoota zinavyopungua.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kazi ianze na uchaguzi wa aina. Ile mimea mirefu ya mbugani yenye matawi ya miiba, ambayo ikikatwa hutoa utomvu mweupe, si madungusi. Ni jamaa za mnyaa, na mwongozo huu hauihusu. Madungusi ni wageni kutoka mabara ya Amerika, isipokuwa Rhipsalis baccifera, liotalo juu ya miti ya misitu yenye unyevu na lililokuwepo Afrika tangu kale. Mpungate pori, Opuntia stricta, usioteshwe kabisa. Umevamia malisho ya Laikipia nchini Kenya, ambako tembo na nyani hula matunda na kutawanya mbegu kwa kinyesi, na miiba yake midogo huumiza midomo na matumbo ya mbuzi. Anayeanza atafute pitaya, dungusi la matunda ambalo sasa linalimwa Kenya na Tanzania. Tunda moja lina mbegu kwa mamia, nazo huota ndani ya siku chache, kwa hiyo ni shule nzuri na ya bei nafuu.

Anayeagiza mbegu kutoka nje azingatie sheria. Madungusi karibu yote yamo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mbegu zinazosafirishwa kutoka Meksiko zinahitaji kibali. Zaidi ya hapo kuna ukaguzi wa afya ya mimea mpakani.

Mbegu zitolewe kwenye tunda lililoiva, zisuguliwe ndani ya chujio chini ya maji hadi utelezi wote uishe, kisha zianikwe kivulini. Nyama ya tunda ikibaki italeta ukungu, na sukari yake nayo huzuia maji kama chumvi inavyofanya. Kabla ya kupanda zinaweza kulowekwa dakika tano kwenye jiki iliyochanganywa na maji mara kumi, halafu zisuuzwe mara kadhaa, kwani jiki yenyewe ina sodiamu. Mbegu za jamii ya mpungate zina ganda gumu sana. Hizo zikwanguliwe kwa msasa upande mmoja, na hata hivyo mpandaji awe na subira ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Wanaolima mpungate kwa matunda hupanda vipande vya shina, nao wana haki.

Kuna mbinu moja inayostahili kujulikana zaidi. Mwaka 1996 Joseph Dubrovsky alichapisha ugunduzi kwamba mbegu za baadhi ya madungusi ya jangwa la Sonora, zikiloweshwa kisha zikakauka tena kabla hazijaota, hazipotezi hatua zilizokwisha kupiga. Zikipata maji mara ya pili huota upesi kuliko zile zisizowahi kulowa. Kitaluni, mkulima anaweza kuzilowesha mbegu kwa maji ya mvua siku moja au mbili, akazikausha kivulini, kisha akazipanda. Mbegu inayoota upesi hukaa muda mfupi zaidi kwenye uso wa udongo kabla chumvi haijajikusanya, na huo ndio muda wenye hatari.

Maji ndiyo yanayoamua mengi. Shirika la FAO, katika mwongozo wake wa ubora wa maji ya umwagiliaji, hupima chumvi kwa upitishaji umeme wa maji, na huyahesabu maji kuwa hayana tatizo yakiwa chini ya desisimensi 0.7 kwa mita, yenye tatizo la wastani hadi 3, na makali juu ya hapo. Maji ya bahari huwa karibu na 50. Kipimio kidogo cha upitishaji huo hubebeka mfukoni, na mwenye kitalu hatajutia kukinunua, kwa sababu ulimi wa mtu aliyezoea maji ya kisima chake hauaminiki. Visima vingi vya pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja, na vya maeneo makavu ya Bonde la Ufa hutoa maji ya chumvichumvi. Kwa kuotesha madungusi dawa rahisi ni maji ya mvua, maana trei moja haihitaji mengi: ndoo iliyokingwa chini ya mfereji wa bati inaweza kutosha msimu mzima wa kuotesha. Wanaokinga baada ya kiangazi kirefu waache mvua ya kwanza ioshe bati kwanza.

Mchanga wa mtoni uchekechwe na uoshwe. Mchanga wa ufukweni usitumike bila kusuuzwa mara nyingi kwa maji matamu, na kipimio ndicho kitakachosema umetosha. Sehemu mbili za mchanga kwa moja ya udongo mweusi uliochekechwa zinafaa. Mbolea ya samadi na ya viwandani zisubiri, kwani zote huongeza chumvi. Chombo chochote cha wazi chenye matundu chini na mfuniko unaopitisha mwanga kinatosha. Mchanganyiko uloweshwe vizuri kabla, mbegu zinyunyizwe juu, zibanwe kidogo kwa kiganja, na zisifunikwe. Mfuniko ukiwekwa, maji hayapotei na chumvi haipandi.

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vingi unapogeuka kuwa hatari. Vitabu hivyo hushauri trei imwagiliwe kwa kuwekwa ndani ya beseni ili maji yapande kutoka chini, mbegu zisichukuliwe na maji. Kwa maji ya mvua, ushauri huo ni mzuri. Kwa maji ya kisima chenye chumvi ni njia ya hakika ya kuipandisha chumvi yote hadi palipolala mbegu. Asiye na maji mengine amwagilie kutoka juu kwa kinyunyizio chembamba, kwa wingi hadi maji yatoke chini, na amwage yanayotoka. Kunyunyiza kidogokidogo mara nyingi kwa siku ni kubaya kuliko vyote, kwani maji huruka na chumvi hubaki.

Joto hutegemea mahali. Dar es Salaam au Mombasa, rafu ya ndani iliyo karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja huwa katika kiwango kinachotakiwa karibu mwaka mzima. Nairobi mwezi Julai, usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12, basi ni bora kusubiri Oktoba au kuiweka trei juu ya jokofu, kwenye joto la mgongo wake, mradi mwanga upo. Lodwar au Garissa shida ni mchana: kivuli cha tabaka mbili za neti, chini ya mti, na ardhi ya kando kumwagiwa maji.

Anayetaka kujua mbegu zake zinahimili nini anaweza kufanya jaribio la mezani. Ayeyushe gramu 12 za chumvi katika lita ya maji ya mvua. Nusu ya maji hayo akiyachanganya na maji matamu ya kiasi hichohicho anapata gramu 6 kwa lita. Akirudia, gramu 3. Akirudia tena, gramu 1.5. Aandae visahani vyenye karatasi ya shashi, mbegu 25 kila kimoja, viwili kwa kila kiwango pamoja na viwili vya maji matupu, avifunike vizuri na kuviweka pamoja penye mwanga na joto moja. Ahesabu kila siku kwa mwezi mzima mbegu zilizotoa kimzizi. Zisizoota azisuuze, azihamishie kwenye maji matupu, na aendelee kuhesabu: zinazoamka zilikuwa na kiu tu. Mbegu zikiwa za kutosha, ayafanye yaleyale mahali penye joto zaidi, aone jinsi kiwango cha chumvi kinachovumilika kinavyoshuka.

Miche ikishatoa miiba ya kwanza, mfuniko uanze kufunguliwa saa moja kwa siku, kisha mbili, hadi uondolewe baada ya wiki kadhaa. Ukifunguliwa ghafla miche hukauka. Ukiachwa muda mrefu, ukungu huiozesha shingoni. Kivuli kibaki mwaka mzima wa kwanza, na utando mweupe ukionekana juu ya udongo, trei isuuzwe siku hiyohiyo kwa maji ya mvua yanayopita hadi chini.